Kisanduku cha Apu: filamu tatu zilizotolewa kwenye majivu

Kwa sisi tuliolelewa na filamu za Kihindi katika kumbi za katikati ya jiji la Dar es Salaam, Empire, Avalon na Odeon, ilikuwapo kanuni moja ambayo hatukufundishwa na mtu yeyote na ambayo kila mtoto aliijua: steringi hafi. Angeweza kupigwa, kutupwa mtoni, kufungwa kwa kosa la nduguye na kukanwa na mama aliyemzaa, lakini saa tatu zikitimia angekuwa amesimama, adui amelala chini, na wimbo wa mwisho umeimbwa. Nimekuwa mpenzi wa sinema kwa zaidi ya miaka 50, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini kwamba India haikutengeneza filamu za namna nyingine. Seti ninayoipitia hapa, The Apu Trilogy, iliyotolewa na kampuni ya Criterion Collection ya Marekani mwezi Novemba 2015, ina filamu tatu za mwongozaji Satyajit Ray ambamo wapendwa watano wanafariki mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja anayelipiziwa kisasi, kwa sababu adui hayupo. Kuna umaskini, kuna mvua, kuna homa, na kuna muda unaopita.

Filamu zenyewe ni Pather Panchali ya mwaka 1955, Aparajito ya mwaka 1956 na Apur Sansar ya mwaka 1959, zote za rangi nyeusi na nyeupe, na zote za Kibengali, jambo ambalo ni vizuri msomaji alijue mapema, maana masikio yaliyozoea Kihindi cha Bombay hayatashika zaidi ya neno moja moja. Zinamfuata Apu tangu anapozaliwa kijijini Bengal, katika nyumba ya kuhani maskini mwenye ndoto za kuwa mwandishi, hadi anapokuwa kijana wa mjini, mume, mjane, na hatimaye baba. Kila filamu iko kwenye diski yake ya Blu-ray, na pamoja nazo kuna kijitabu chenye makala mbili, moja ya Terrence Rafferty na nyingine ya Girish Shambu.

Kabla ya kuzungumzia picha, sharti nieleze zilikotoka, kwa kuwa thamani ya seti hii haieleweki bila habari hiyo. Mwaka 1992 Akademia ya Marekani inayotoa tuzo za Oscar ilimpa Ray tuzo ya heshima, akaipokea akiwa kitandani hospitalini Calcutta, na akafariki mwezi Aprili mwaka huohuo. Baada ya hapo negativu halisi za filamu zake, yaani tepe za asili ambamo nakala zote hutolewa, zilipelekwa London ili zitengenezwe upya, na mwezi Julai 1993 maabara ya Henderson's zilimohifadhiwa ikashika moto. Mikebe iliyobaki ilikuwa na filamu zilizoungua, zilizojikunja na kushikamana, ambazo hakuna mashine ya wakati ule iliyoweza kuzipitisha. Mtu mwingine angezitupa. Hifadhi ya filamu ya Akademia haikuzitupa. Ilizifungia ghalani, na zikakaa humo takriban miaka 20 zikisubiri ufundi ambao ulikuwa bado haujavumbuliwa.

Kazi ilipoanza, mabaki hayo yalipelekwa Bologna, Italia, katika karakana ya L'Immagine Ritrovata, ambako mafundi waliuloweka utepe uliokauka hadi ukaanza kulainika, wakabandua gundi na nta zilizoyeyuka, na wakayajenga upya kwa mkono matundu ya pembeni yanayouwezesha utepe kushikwa na meno ya mashine. Kazi hiyo ya mikono peke yake ilichukua karibu saa 1,000. Mwishowe ilionekana kwamba asilimia 40 hivi ya negativu ya Pather Panchali na zaidi ya asilimia 60 ya ile ya Aparajito ingeweza kutumika. Ya Apur Sansar haikufaa hata kipande. Palipokuwa na pengo paliwekwa nakala bora zilizopatikana katika hifadhi nyingine, na ndipo kila kitu kikasafishwa fremu kwa fremu kwa kompyuta.

Je, matokeo yanaonekanaje kwenye runinga ya nyumbani? Nimewahi kuiona Pather Panchali mara mbili kabla ya seti hii, mara ya kwanza kwa mkanda wa video ulionakiliwa kutoka kwenye nakala ya nakala, na mara ya pili kwa DVD ya bei rahisi ambayo kijivu chote kilikuwa kimegeuka maziwa. Katika hali zote mbili niliiheshimu bila kuipenda, na nilidhani kasoro iko kwangu. Sasa ninaelewa kwamba nilikuwa sijaiona. Kuna sehemu, muda mfupi kabla masika hayajaingia, ambapo Ray anaiacha hadithi kando na kuwatazama wadudu wadogo wanaoteleza juu ya maji ya bwawa, na majani ya yungiyungi yanayoinuliwa na upepo. Kwenye mkanda wangu wa zamani hapo palikuwa na ukungu wenye nukta zinazocheza, na mtu alisubiri tu pamalizike. Kwenye diski hii kila mdudu ana miguu, kila mguu unabonyeza ngozi ya maji, na unaanza kuhisi mvua inakuja kabla mawingu hayajaonyeshwa. Mtengenezaji wa filamu anayeyategemea mambo madogo namna hii hawezi kuhukumiwa kwa nakala mbovu, tofauti na filamu zetu za ngumi na nyimbo, ambazo tulizifurahia hata utepe ulipokuwa na michirizi kama mvua ya mawe.

Nimewasikia watu wakilalamika kwamba urejeshaji wa kisasa huzifanya filamu za zamani zing'ae kama sahani mpya. Hapa sivyo. Chembechembe za filamu zimeachwa, na pale ambapo negativu halisi inaishia na nakala inaanzia, jicho makini litaona picha ikipungua ukali kidogo na weusi wake ukipungua kina. Mimi binafsi ninafurahi kwamba tofauti hiyo haikufichwa kupita kiasi. Jambo la kushangaza ni kwamba Apur Sansar, ambayo negativu yake yote ilipotea, ndiyo inayoonekana laini na sawia kuliko nyingine, pengine kwa sababu haichanganyi vyanzo kwa kiwango kilekile. Lakini nikiilinganisha na sehemu bora za Aparajito ninaona kuna uhai fulani katika ngozi za watu ambao nakala, hata iwe njema namna gani, haiufikii.

Pather Panchali ndiyo iliyoandikwa sana, kwa hiyo nitaipitia kwa haraka. Ray alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo, hakuwa ameongoza filamu hata moja, na mpiga picha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hakuwahi kuendesha kamera ya sinema. Walianza mwezi Oktoba 1952 katika uwanda wa nyasi ndefu zenye maua meupe, kwa onyesho la watoto wawili wanaoliona gari moshi kwa mara ya kwanza, na waliporudi wiki iliyofuata wakakuta ng'ombe wameyala maua yote, ikabidi wasubiri msimu mwingine. Fedha ziliisha mara kwa mara, Ray akaweka rehani bima yake na vito vya mkewe, na hatimaye serikali ya Bengal Magharibi ikalipia filamu kutoka kwenye fungu la barabara, kwa kuwa jina lake linamaanisha wimbo wa njia. (Ninaowajua mimi waliowahi kuomba fedha serikalini hawatashangaa.) Ray mwenyewe alisema baadaye kwamba katika miaka ile ya kusubiri ilitokea miujiza mitatu: sauti ya mtoto aliyeigiza Apu haikuvunjika, msichana aliyeigiza dada yake Durga hakukua, na bibi kizee Chunibala Devi, aliyekuwa na umri wa takriban miaka 80, hakufa. Yote hayo hayaonekani kwenye picha, ambayo inatiririka kana kwamba ilipigwa katika juma moja. Kinachoonekana ni bibi huyo akicheka bila meno, na baadaye mama, Sarbajaya, akipokea sari ambayo mumewe amemletea binti bila kujua kwamba binti amekwishafariki. Anafungua kinywa kulia, na badala ya sauti yake tunasikia ala ya nyuzi ya muziki wa Ravi Shankar ikipanda juu kabisa. Sauti ya diski ni ya njia moja, kama ilivyokuwa ukumbini, na ingawa kuna mahali panaposikika uchakavu, kilio hicho cha ala kinafika bila kukwaruza.

Ninayotaka kuitetea kwa nguvu ni filamu ya pili, Aparajito, kwa sababu ndiyo watu huiruka. Ilipotoka haikufanya biashara nzuri nyumbani, kwa kuwa watazamaji wengi hawakupenda kumwona kijana akimchoka mama yake, ijapokuwa mwaka 1957 ilitwaa Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice. Sehemu yake ya kwanza iko Benares, kwenye ngazi zinazoteremka hadi mto Ganga, ambako baba wa Apu anasoma maandiko kwa malipo kidogo hadi ugonjwa unapomwangusha. Nyumba wanayoishi haikuwa Benares; ilijengwa studio Calcutta, na kwa kuwa nyumba za namna ile hupata mwanga kutoka juu, kwenye uwazi wa uani, Mitra alitandaza kitambaa cheupe juu ya ua na kuzielekeza taa kwenye kitambaa hicho badala ya kuwaelekezea waigizaji, ili mwanga urudi chini ukiwa umetulia kama wa mbingu yenye mawingu. Leo wapiga picha duniani kote hufanya hivyo bila kufikiri. Tazama vivuli kwenye uso wa Sarbajaya anapopika: havina kingo. Kwa diski hii, kwa mara ya kwanza, niliusahau ufundi huo kabisa na kuamini kwamba yuko uani kwake.

Baba anapokata roho, picha inakatwa ghafla na kundi la njiwa linaruka angani. Hilo ni pigo la mwongozaji kijana, na ni zuri. Lakini ninakoona ukubwa wa Ray ni katika nusu ya pili, ambayo haina pigo lolote. Mama na mwana wamerudi kijijini, mtoto ana akili darasani, anapata msaada wa kwenda kusoma Calcutta, na anaondoka akiwa ameshika tufe la dunia alilopewa na mwalimu wake mkuu. Usiku anafanya kazi kiwandani cha uchapaji, mchana anasinzia darasani, na barua zake nyumbani zinakuwa fupi. Likizo anakuja, analala, anachoka na maswali ya mama. Siku ya kuondoka anafika stesheni, gari moshi linaingia, naye anageuka na kurudi nyumbani, akidai kwamba limemwacha, ili ampe mama yake siku moja zaidi. Hakuna anayelia na hakuna muziki unaotuambia tuhisi nini. Baadaye mama, ambaye amekwisha kuwa mgonjwa na hakumwambia, anakaa nje jioni akisikiliza gari moshi linalopita mbali, anadhani amesikia sauti ya mwanawe, anainuka kwenda mlangoni, na kuna giza tupu na vimulimuli juu ya bwawa. Katika nakala zote nilizowahi kuona, vimulimuli hao walikuwa madoa yasiyotofautiana na uchafu wa filamu. Hapa wanawaka na kuzima mmoja mmoja, na giza linalowazunguka ni jeusi kwelikweli.

Niliitazama filamu hii pamoja na shangazi yangu, ambaye wanawe wawili wako Muscat na ambaye kwa miaka mingi alikuwa mteja mwaminifu wa Avalon kuliko mimi. Manukuu ya seti nzima, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, ni ya Kiingereza peke yake, nayo ni dosari, ingawa sikutarajia mengine. Kwa hiyo nikawa mfasiri, kama wale wanaotafsiri mikanda katika vibanda umiza, tofauti ikiwa kwamba mimi sikuongeza utani wangu. Katika onyesho la vimulimuli niliacha kutafsiri, maana hapakuwa na neno la kutafsiri, naye akaniambia tu, "Nyamaza, mwanangu, ninaona."

Apur Sansar ni nyepesi zaidi kuipenda, na ninayependekeza kuanza nayo kwa mtu anayeogopa filamu za polepole. Apu sasa ni Soumitra Chatterjee, katika filamu yake ya kwanza, na kwa ajali ya harusi iliyoharibika anamwoa msichana asiyemjua, Aparna, anayeigizwa na Sharmila Tagore akiwa bado binti mdogo. Mapenzi yao yanasimuliwa kwa vitu vya chumbani: kibanio cha nywele juu ya mto, pazia lililochanika, pakiti ya sigara yenye maandishi ya mke ndani yake. Kwa mpenzi wa sinema kuna zawadi ya pekee, pale wawili hao wanapokwenda kutazama filamu na kioo cha ukumbini kinageuka taratibu kuwa dirisha la gari la farasi linalowarudisha nyumbani. Ndani ya gari hilo Aparna anawasha kiberiti, uso wake unang'aa, naye Apu anamuuliza ana nini machoni. "Kajal," anajibu, yaani wanja. Hilo ndilo jina atakalopewa mtoto wao, na sijui kama kuna mtazamaji wa Ulaya anayelipata jibu hilo kwa wepesi anaolipata mwanamke wa pwani yetu, ambaye wanja uko mezani kwake.

Nyongeza za seti ni nyingi, na si zote nilizorudia. Bora kwangu ni kurekodi kwa sauti kwa mwaka 1958, ambamo Ray anazungumza kwa Kiingereza chake kilichonyooka kuhusu safari ya filamu ya kwanza, na filamu fupi inayoonyesha mafundi wa Bologna wakitenganisha utepe uliounguzwa. Mahojiano na Chatterjee, Tagore na Soumendu Roy, aliyekuwa msaidizi wa kamera, yana kumbukumbu nzuri. Kuna pia filamu ya taarifa ya mwaka 1967 kuhusu Ray, na picha za yeye akiipokea Oscar kitandani, ambazo zinahuzunisha zaidi ukikumbuka kwamba tukio hilo ndilo lililotangulia safari ya negativu kwenda London.

Yabaki mambo ya fedha na vifaa, ambayo mnunuzi wa Afrika Mashariki hana budi kuyapima. Diski za Blu-ray hugawanywa kwa kanda tatu za dunia, na seti iliyotolewa Marekani ni ya kanda A, ilhali nchi zetu ziko kanda B. Deki ya kawaida inayouzwa hapa haitaisoma. Unahitaji deki inayosoma kanda zote, nawe uijaribu dukani kwa macho yako, kwa maana mimi niliuziwa moja kwa maneno matamu na nikalazimika kuirudisha. Bei ya orodha ya seti ilikuwa karibu dola 100 za Marekani, na ukiongeza usafirishaji na ushuru inakuwa mzigo wa kweli. Ningemshauri mtu achangie na marafiki wawili au watatu, wazungushiane diski kama tulivyozungushiana mikanda. Jambo la mwisho ni umbo la picha, ambalo linakaribia mraba kama filamu nyingi za zamani. Runinga itaonyesha utepe mweusi kulia na kushoto, na kuna ndugu katika kila nyumba ambaye atachukua rimoti na kuivuta picha ijae kioo, akidhani anatusaidia. Mnyang'anyeni rimoti.

Tulizitazama kwa usiku tatu zisizofuatana, na hivyo ndivyo ninavyoshauri, kwa kuwa kila moja inahitaji siku mbili tatu za kukaa moyoni kabla ya kuifuata nyingine. Usiku wa tatu, Apu mwenye ndevu alipoondoka na mwanawe Kajal mabegani na majina yakaanza kupita, nilimkumbusha shangazi kanuni yetu ya Avalon na kumwambia kwamba hatimaye tumeona filamu ya Kihindi iliyoivunja. Alikuwa anatafuta kandambili zake chini ya kochi. "Imeivunja wapi?" akaniuliza. "Wamekufa wengine wote. Steringi huyo anakwenda zake na mtoto."